Heshima Inayomstahili Mwalimu

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, Tukuyu





Tumekusanyika kujadili pendekezo moja. Linasema kwamba kila mwaka, inapokaribia Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, tuwatafute walimu na viongozi wa elimu waliofanya kazi iliyotukuka katika shule zinazotuzunguka, tuwaite mbele ya watu, tuwashukuru na kuwapa zawadi. Wazo hili ni jema, na hakuna aliyelipinga. Hata hivyo, kazi ya Haki na Amani si kupamba sherehe. Kazi yake ni kuuliza: je, jambo hili linamtendea haki nani, na laweza kumdhulumu nani? Hivyo basi, tunawaomba tutafakari pamoja mambo manne: deni tulilo nalo kwa walimu, maana ya heshima yenyewe, namna ya kumtambua mwalimu bora bila kupotoka, na wajibu unaobaki baada ya zawadi kutolewa.

1. Deni letu

Wazee wa nchi hii ya Rungwe walijua elimu kabla ya ubao na chaki kufika. Katika desturi ya Wanyakyusa, vijana wa kiume wa rika moja waliondoka nyumbani kwa baba zao wangali na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga kijiji chao, wakaishi pamoja na kukua pamoja. Walichotafuta huko waliita ukwangala, yaani kukaa vema na wenzako, kuzungumza, kushirikiana chakula na kufundishana utu. Aliyejitenga na wenzake hakuhesabiwa kuwa na hekima, hata angekuwa na ng'ombe wengi. Tena mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana uongozi wa nchi. Desturi hizo zinatufundisha jambo ambalo shule za leo zinalihitaji, kwamba elimu hukusudia kumfanya mtu afae kuishi na wenziwe, na kwamba kila kizazi kina deni kwa kile kilichokilea.

Kisha zikaja shule. Hapa hatuna budi kusema ukweli wa historia, hata kama sisi tunaosema ni Wakatoliki. Si sisi tulioanza. Wamisionari wa Kimoraviani walifika mwaka 1891 wakajenga chini ya Mlima Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa Misioni ya Berlin walianza kazi katika Unyakyusa. Kanisa Katoliki lilichelewa kuweka mizizi hapa. Ni mwaka 1932 ndipo ilipoundwa Prefektura ya Kitume ya Tukuyu, iliyokabidhiwa Mapadre Weupe, na kutoka katika mbegu hiyo likaja kuota Jimbo la Mbeya mwaka 1953, ambalo mwaka 2018 lilipandishwa hadhi kuwa Jimbo Kuu. Mababu wengi wa waamini wetu walijifunza kusoma kwa walimu wa madhehebu mengine. Kwa hiyo mtu asije akadhani kuwa shukrani yetu yafaa kuishia kwa walimu wanaokaa katika mabenchi ya kanisa letu. Mwalimu Mmoraviani, Mlutheri, Mpentekoste au Mwislamu anayewafundisha watoto wetu kwa uaminifu, huyo ni mdai wetu.

Katika miaka ile ya mwanzo, mwalimu na katekista mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Asubuhi alifundisha herufi, jioni alifundisha sala, na Dominika aliongoza ibada pale padre alipokuwa mbali. Wamisionari tumewaandika katika vitabu na kuwawekea mawe ya kumbukumbu. Lakini walimu wenyeji waliotembea kwa miguu katika mvua za Rungwe, wakavuka mito isiyo na madaraja, majina yao wengi hatuyajui. Huo ndio upungufu wa kwanza ambao pendekezo letu linapaswa kuuponya.

Baada ya Uhuru, nchi yetu iliwatwika walimu mizigo mizito, tena kwa haraka. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali, ili watoto wote wapate nafasi bila kubaguliwa kwa dini zao. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 watoto wakaingia madarasani kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu vijijini huku wakifundisha, mkono mmoja umeshika kitabu cha kujisomea na mwingine umeshika chaki. Watu wenye maneno ya dhihaka wakageuza herufi za UPE wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Miaka mingi baadaye, shule za sekondari za kata zilipoongezeka ghafla, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa kufundisha. Nao wakapewa jina lao: voda fasta.

Ndugu wapendwa, tuyapime majina hayo kwa mizani ya haki. Vijana hao hawakujipeleka. Taifa liliwaita kwa kuwa lilikuwa na watoto wengi na walimu wachache. Walisimama pale ambapo pasipo wao pasingekuwa na mtu. Kama mafunzo yao yalikuwa mafupi, aliyeyafupisha si wao. Tuliwabebesha mzigo, kisha tukawacheka kwa kuinama. Hakika shukrani ya punda ni mateke. Leo wengi wa walimu wale wa UPE wamestaafu, na wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Wasomi, wauguzi, mafundi na hata mapadre wa rika letu walishikwa mkono na walimu hao walipoandika herufi ya kwanza.

2. Heshima ni nini?

Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, sura ya tano, anaagiza kwamba wale wanaofanya kazi ya kuhubiri na kufundisha wahesabiwe kuwa wanastahili heshima maradufu. Mara nyingi tunaishia hapo. Lakini mstari unaofuata unamtaja ng'ombe anayepura nafaka, ambaye hapaswi kufungwa kinywa, na mtenda kazi ambaye anastahili ujira wake. Kwa Paulo, heshima na ujira havitengani. Anayesema “tunakuheshimu” huku akimfunga kinywa ng'ombe, huyo hajaheshimu.

Ulimwengu nao umelitambua jambo hilo kwa njia yake. Tarehe 5 Oktoba 1966 mjini Paris yalipitishwa mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, na ndiyo sababu siku hiyo imekuwa Siku ya Walimu Duniani tangu mwaka 1994. Mapendekezo hayo yanaieleza hadhi ya mwalimu kuwa na pande mbili: namna jamii inavyoithamini kazi yake, na pia hali yake ya kazi na malipo yake akilinganishwa na watu wa taaluma nyingine. Heshima ina miguu miwili. Ukikatwa mmoja, itachechemea.

Na Mama Kanisa amekuwa akifundisha hivyohivyo. Mwaka uleule wa 1891, wamisionari wa kwanza walipokuwa wakipiga hema Rungwe, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum, akitetea ujira wa haki kwa mfanyakazi, unaomtosha kuishi kwa utu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulieleza kuwa kazi ya ualimu ni wito mzuri na mzito, unaodai karama za pekee za akili na moyo, maandalizi makini na utayari wa kujirekebisha daima. Machi 1967, mwezi uleule wa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Papa Paulo VI alitoa Populorum Progressio, akaihesabu elimu ya msingi kuwa lengo la kwanza la mpango wa maendeleo, na njaa ya elimu kuwa chungu sawa na njaa ya chakula.

Hapa tunalazimika kulitazama neno moja ambalo limetumiwa vibaya: wito. Ni kweli, ualimu ni wito. Lakini mara ngapi mwalimu anapodai malimbikizo yake, fedha yake ya likizo, au kupandishwa daraja baada ya miaka mingi ya kusubiri, huambiwa: “Mwalimu, kumbuka kazi hii ni wito”? Neno takatifu limefanywa kuwa kofuli la kufungia midomo. Sisi mapadre tuna wito, na bado tunakula. Wito humfanya mtu ajitoe zaidi ya anacholipwa, nao haumpi mwingine ruhusa ya kuzuia alichostahili kulipwa. Kwa hiyo tunasema wazi mbele yenu: kama zawadi zetu zitakuwa badala ya haki za walimu, ni afadhali tusizitoe. Zitakuwa sawa na kumpa mtu ua huku tumeshikilia unga wake.

Wapo pia wanaohofia sifa. Wanasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wasiwasi huo una msingi, maana tumewaona watu walioharibika kwa makofi. Lakini hekima yetu haikuacha methali moja peke yake. Imesemwa pia: mcheza kwao hutuzwa. Methali ya kwanza yamwonya mgema asijisahau, na ya pili yawaonya watazamaji wasiwe wachoyo. Mwalimu aliyetumikia kijiji kimoja miaka thelathini amecheza kwao. Asipotuzwa hapa, atatuzwa wapi? Dawa ya hofu ya mgema ni kusifu kwa kweli, kwa kutaja matendo, tukajiepusha na sifa tupu za kumpaka mtu mafuta.

3. Mwalimu bora ni yupi?

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nasi tunaomba mtusikilize kwa uvumilivu.

Njia rahisi ya kumchagua mwalimu bora ni kutazama matokeo ya mitihani. Tunachukua orodha, tunaangalia shule iliyoshika nafasi ya kwanza, tunampa mwalimu wake zawadi. Mitihani ina thamani yake, wala hatuidharau. Lakini tukumbuke yaliyotokea mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini walipata daraja sifuri, hata Serikali ikaunda tume, na baadaye alama zikapangwa upya. Je, walimu wa nchi nzima waligeuka kuwa wabaya katika mwaka mmoja? Nyuma ya matokeo yale kulikuwa na shule zisizo na walimu wa hisabati, zisizo na maabara, na watoto waliofika kidato cha kwanza bila kusoma vizuri. Matokeo ni mavuno, na mavuno hutegemea mkulima, lakini hutegemea pia udongo, mvua na mbegu. Mkulima wa chai wa Katumba hatamwita mwenzake mvivu kwa sababu tu shamba la mwenzake liko mahali pakavu.

Tukitumia kipimo hicho kimoja, tutawadhulumu wengi. Tutamdhulumu mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye mtihani wa taifa humkuta mtoto wake miaka mingi baadaye, wakati jina la mwalimu huyo limekwisha kusahaulika. Tutamdhulumu mwalimu wa watoto wenye ulemavu, ambaye ushindi wake waweza kuwa mtoto mmoja aliyejifunza kufunga vifungo vya shati lake au kutaja jina lake. Tutamdhulumu mwalimu aliyepangiwa shule ya pembezoni, kwenye miteremko ya Busokelo au ndani kabisa ya vijiji visivyo na barabara ya uhakika, ambako mvua ikipiga juu ya mabati sauti ya mwalimu haisikiki, naye akaandika ubaoni mpaka mvua ikatike. Tena tutawajaribu walio dhaifu. Mahali ambapo heshima yote imefungwa katika alama, mtu hushawishika kuvujisha mtihani, au kumzuia mtoto mzito asifanye mtihani ili asishushe wastani wa shule. Hapo zawadi yetu itakuwa imemfundisha mwalimu kumwona mtoto kuwa mzigo.

Tuchukue mfano wa jirani. Machi 2019, mjini Dubai, mwalimu Mkenya alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, yenye thamani ya dola milioni 1 za Marekani. Huyo ni Bruda Peter Tabichi, Mfransisko, aliyekuwa akifundisha hisabati na sayansi katika Shule ya Sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru, shule ya kutwa ya kijijini, yenye kompyuta moja na madarasa yaliyojaa kupita kiasi. Alijulikana kwa kuwa sehemu kubwa ya mshahara wake, asilimia 80, aliitoa kuwasaidia maskini. Wanafunzi wake walishindana katika sayansi na wenzao wa shule zenye uwezo. Lakini sisi wa Haki na Amani tutazame jambo jingine. Katika eneo lililoumizwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, yeye alianzisha klabu ya amani, ili watoto wa makabila mbalimbali wakae pamoja. Aliwatembelea wanafunzi nyumbani kwao, akajua nani halali na njaa na nani yuko karibu kuozwa. Hayo hayamo katika cheti cha mtihani. Wazee wetu wangemwelewa mara moja: alikuwa akifundisha ukwangala.

Basi tunapendekeza vipimo hivi. Kwanza, uaminifu wa kila siku: mwalimu anayefika, anayeandaa somo, anayesahihisha madaftari. Pili, namna anavyomtendea mtoto aliye nyuma, kwa kuwa mtoto mwepesi hufundishika hata na mwalimu wa kawaida. Tatu, uadilifu wake katika mali na mitihani. Nne, namna anavyowasaidia walimu wenzake, hasa wageni wanaotoka katika vyuo vyetu vya Tukuyu na Mpuguso au wanaoletwa kutoka mbali wasiojua baridi yetu wala lugha yetu. Tano, namna anavyoshirikiana na wazazi.

Kuhusu viongozi wa elimu, yaani walimu wakuu, wakuu wa shule na maofisa elimu wa kata, tuongeze kipimo cha fedha. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, ulileta shuleni ruzuku iliyokadiriwa kuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Tangu mwaka 2016, ada zilipofutwa hadi kidato cha nne, mkuu wa shule amekuwa akibanwa pande mbili: wazazi wanasema elimu ni bure, na shule inahitaji chaki, maji, mlinzi na karatasi. Kiongozi anayebandika hesabu za shule ukutani ili kila mzazi asome, anayeiita Kamati ya Shule kabla ya kutumia na si baada ya kutumia, huyo amejenga amani kijijini kuliko hotuba nyingi. Anastahili kutajwa.

Lipo sharti moja lisilo na mjadala. Hatutamheshimu mtu yeyote anayewadhuru watoto, hata kama darasa lake limefaulu lote. Mwaka 2016, katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya, picha za walimu wa mafunzo wakimpiga mwanafunzi kwa ngumi na mateke zilisambaa nchi nzima, nasi sote tuliona aibu. Mwaka huohuo Sheria ya Elimu ilirekebishwa ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Na tangu Novemba 2021 wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito wameruhusiwa kurudi katika shule za Serikali. Kwa hiyo kabla jina halijasomwa mbele ya watu, Kamati ihakikishe kwa siri na kwa upole kwamba hakuna mtoto atakayelisikia jina hilo akainamisha kichwa kwa uchungu. Huku ni kumlinda mtoto, wala tusikugeuze kuwa njia ya kusikiliza majungu. Penye tuhuma za kweli, mahali pake ni vyombo vya sheria na ustawi wa jamii, wala si vikao vyetu.

4. Namna ya kutenda

Tunapendekeza utaratibu ufuatao, nanyi mtaujadili katika jumuiya zenu.

Majina yaanzie chini. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ikae, iulize wazazi, wanafunzi wa zamani na walimu wenyewe, kisha ilete jina moja pamoja na maelezo ya matendo. Isiandikwe tu “ni mchapakazi”. Iandikwe amefanya nini, wapi na kwa muda gani.

Kamati ya uteuzi iwe na watu wa madhehebu mbalimbali, wake kwa waume, na awemo angalau mwalimu mstaafu mmoja. Mjumbe mwenye ndugu aliyependekezwa akae pembeni wakati wa kujadili jina hilo. Anayejipitisha kuomba kuchaguliwa, au kununua soda kwa wajumbe, jina lake liondolewe mwaka huo.

Kila mwaka pawe na nafasi ya mwalimu wa madarasa ya awali, nafasi ya mwalimu wa shule ya pembezoni, nafasi ya kiongozi wa shule, na nafasi ya mstaafu. Pia tuandike daftari la walimu marehemu wa eneo letu, kwa kadiri wazee watakavyowakumbuka, na tuwaombee kwa majina katika Misa ya mwezi Novemba. Wazee hao wanapungua. Daftari hilo lianze sasa.

Zawadi ziwe za kiasi na za kufaa. Mchango uwe wa hiari, asitozwe mjane wala asisomwe mtu jina kwa kukosa. Na jukwaa la siku hiyo liwe la walimu. Viongozi wa Serikali na wa vyama wakaribishwe kama wazazi na wageni, lakini siku hiyo isigeuzwe kuwa mkutano wa kujinadi.

Mwisho, na hili ndilo zito kuliko yote, zawadi ifuatwe na kazi. Tujiulize maswali haya kwa kila shule iliyo jirani na kigango chetu. Mwalimu anakaa katika nyumba gani? Mwalimu wa kike aliyepangwa mbali ana usalama gani njiani? Kwa miaka mingi kipimo kilichotajwa nchini kwa shule za msingi kimekuwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Je, darasa la kwanza la shule yetu lina wangapi? Watoto wanakula mchana, au wanasinzia kwa njaa huku sisi wazazi tuna ndizi, viazi na maziwa, na tunamlaumu mwalimu kuwa hafundishi? Kati ya maswali hayo, mengine ni ya Serikali, na tutayapeleka kwa adabu na kwa maandishi kwa Halmashauri za Rungwe na Busokelo. Mengine ni yetu wenyewe. Si haki kudai haki Dodoma na kuinyima uani kwetu.

Mwaka 1992 Makanisa na Serikali ya Tanzania vilitiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika huduma za afya na elimu. Makubaliano hayo yaliwekwa saini na wakubwa, lakini yatatimizwa kijijini, pale mjumbe wa jumuiya anapoingia katika Kamati ya Shule na kuhudhuria kila kikao, na pale mzazi anapokwenda shuleni kumshukuru mwalimu, maana wengi wetu huenda tu siku ya kugombana.

Ndugu wapendwa, Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alipewa vyeo vingi, lakini jina alilolichukua mpaka kaburini ni la kazi aliyoifanya Tabora na Pugu, kabla hajaiacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa: Mwalimu. Nchi nzima ilimwita hivyo kwa mapenzi. Basi lisiwe jina la heshima kwa mmoja na jina la kudharauliwa kwa maelfu wengine. Kila jumuiya na ilete jina lake la kwanza kabla ya mwisho wa mwezi ujao, pamoja na jambo moja ambalo wazazi wenyewe wameamua kulitenda kwa ajili ya shule yao. Jina lisiloambatana na jambo hilo halitapokelewa.

Kwa walimu mlioketi pamoja nasi leo, na kwa wale mliowaacha shuleni wakisahihisha madaftari, tunasema kwa lugha ya nyumbani: ndaga fijo.